Mwanafunzi kaja na neno la herufi 29

Swali: "Shikamoo. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole, akasoma kutoka kwenye karatasi neno hili: floccinaucinihilipilification. Akaniuliza maana yake. Sikulijua, na kulitamka nilishindwa. Darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake wakaja na mengine, wameyatoa kwenye simu za nyumbani: defenestration, dord, petrichor, groak, mumpsimus. Naomba kujua, haya ni maneno kweli au watu wanatutania? Mwalimu asiyeyajua ana upungufu? Na Jumatatu nikiingia darasani niwaambie nini?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la upungufu, maana naona ndilo lililokuchoma. Huna upungufu. Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, miaka mingi sasa, na neno hilo la kwanza sijawahi kukutana nalo katika hati yoyote iliyopita mezani kwangu: si mkataba, si hukumu ya mahakama, si ripoti ya daktari, si barua ya mapenzi. Mwingereza anayeuza samaki sokoni kwao anaishi, anazeeka na kuzikwa bila kulihitaji hata siku moja.

Ila wanafunzi wako nao nawapongeza, kwa sababu katika maneno hayo sita wamekuletea, bila kujua, viumbe wasiofanana hata kidogo. Mmoja ni utani wa wasomi, mwingine ni ajali ya ofisini, wa tatu alizaliwa maabara, wa nne anatokana na watu kutupwa dirishani. Kuyaweka yote kapu moja na kuyaita "maneno magumu" ni sawa na kuweka pamoja papa, boti na nanga kwa kuwa vyote ulivikuta baharini.

Mimi neno geni likinijia huliuliza jambo moja kabla ya maana yake: je, kuna mtu aliyewahi kulitumia, au watu wanalitaja tu? Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akisema "niletee jembe", anataka jembe. Neno linafanya kazi. Sasa tafuta sentensi zenye hilo neno la herufi 29. Utakuta karibu zote zinasema ni neno refu. Ni kama jogoo wa maonesho: watu wanamwangalia, wanampima, wanapiga naye picha, lakini nyumbani kwa mtu hajawahi kuamsha yeyote.

Hata hivyo jogoo huyo ana ukoo, na ukoo wake utawachekesha wanafunzi wako. Ndani yake mna maneno manne ya Kilatini yaliyofungwa kamba moja: floccus ni kishungi cha sufu, naucum ni kitu duni, nihil ni hakuna kitu, pilus ni unywele. Warumi walipotaka kusema jambo halina thamani, walisema hawalihesabu hata kishungi, hata unywele. Sarufi ya Kilatini iliyokuwa ikitumika katika shule ya Eton, Uingereza, iliyapanga maneno hayo pamoja kama kanuni ya kukariri. Mwaka 1741 mshairi William Shenstone aliyaandika yakiwa yameunganishwa katika barua, akisema juu ya mtu fulani kwamba hakumpenda kwa jambo jingine kama alivyompenda kwa kuiona pesa si kitu. Basi maana yake ndiyo hiyo: kitendo cha kukihesabu kitu kuwa hakina thamani yoyote. Na sisi tunafanya vilevile. Mtu akitaka kumshusha mwenzake hasemi tu "si kitu". Anasema "si lolote, si chochote, si lolote tena". Tunarundika. Tofauti ni kwamba sisi tunaacha nafasi kati ya neno na neno ili msemaji apumue.

Kulitamka usiogope. Likate vipande: floksi, nosi, naihili, pili, fikesheni. Waimbishe kwa mapigo ya kofi mara tatu, litakaa. Watafurahi kukuta "pili" yetu imekaa katikati, ingawa hawana undugu. Mwaka 2012 mbunge Jacob Rees-Mogg alilitamka katika Bunge la Uingereza, na hadi leo wanaomkumbuka kwa siku ile wanakumbuka neno, si hoja.

Kuna siku watakuletea refu zaidi, la herufi 45, linaloanza na "pneumono" na kuishia na "coniosis", eti ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la volkano. Hilo lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, ili liwe refu. Madaktari wana neno lao fupi, silicosis, na mgonjwa anatibiwa kwa neno hilohilo fupi. Usipoteze kipindi.

Twende kwenye "defenestration", maana hili ni la kweli na lina damu. Kwa Kilatini fenestra ni dirisha, na "de" ni kutoka. Ni kitendo cha kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Utasema, kwa nini watu wawe na neno kamili kwa jambo hilo, kana kwamba linatokea kila Ijumaa? Ni kwa sababu katika mji wa Prague lilitokea zaidi ya mara moja, na mara mbili nchi iliwaka.

Lililo maarufu ni la tarehe 23 Mei 1618. Waungwana wa Kiprotestanti wa Bohemia, nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa Prague, walipanda ngome ya Prague wakiwa wamekasirishwa na serikali ya mfalme Mkatoliki iliyokuwa ikiwabana katika mambo ya ibada. Wakawakuta ofisini magavana, miongoni mwao Slavata na Martinice. Maneno yakawa makali, ikawa kesi papo hapo, hukumu papo hapo, na hao wawili wakatupwa dirishani. Karani wao, Philip Fabricius, naye wakamtupa. Kutoka pale hadi chini ni kama mita 21. Na wote watatu wakapona!

Hapo ndipo palipozuka mabishano ninayoyapenda kuliko vita yenyewe. Wakatoliki walisema Bikira Maria aliwapokea. Waprotestanti wakasema waliangukia kwenye lundo la samadi. Kila upande ulichapisha vijikaratasi kutetea ulivyoona. Karani Fabricius baadaye akapewa na mfalme cheo cha uungwana, na jina la cheo chake likawa "von Hohenfall", yaani wa Anguko la Juu. Mtu katupwa dirishani akiwa karani, kainuka chini akiwa njiani kuelekea ubwana. Lakini kicheko kinakatika hapo, kwa sababu tukio lile liliwasha Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoichoma Ulaya ya kati hadi 1648, na mamilioni ya watu wakafa kwa upanga, njaa na tauni. Neno hili wafundishe. Linatumika mpaka leo, hata kwa mafumbo: kiongozi akiondolewa madarakani kwa ghafla na wenzake, magazeti huandika kwamba amekuwa "defenestrated".

Sasa "dord". Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ni hadithi inayonifundisha unyenyekevu kila ninapoketi kuhariri. Tarehe 31 Julai 1931, Austin Patterson, mhariri wa mambo ya kemia katika kamusi kubwa ya Webster, aliandika kadi ndogo: "D or d, cont./density". Alichotaka kusema ni kwamba herufi D, iwe kubwa au ndogo, ni kifupisho cha neno density, yaani msongamano wa kitu, uzito wake kwa ujazo wake. Kadi ilipaswa kwenda kwenye orodha ya vifupisho. Ikaenda kwenye orodha ya maneno. Enzi zile vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa katika kamusi, vilipigwa chapa kwa kuacha nafasi kati ya herufi na herufi, basi aliyeipokea akaona "D or d" akasoma D, o, r, d. Neno! Likapita mkono huu hadi mwingine, likapewa namna ya kutamkwa, na mwaka 1934 kamusi ilipotoka, "dord" alikuwa ameketi ukurasani pamoja na maneno ya kuheshimika, maana yake: msongamano.

Miaka mitano alikaa pale. Tarehe 28 Februari 1939 mhariri mmoja akipekua kamusi aliona kwamba kidahizo hiki hakina asili: si Kilatini, si Kigiriki, si Kijerumani, hakuna baba wala mama. Wakafukua makabati ya kadi hadi wakaipata ile ya Patterson. Hata hivyo hadi lilipoondoka kabisa kwenye matoleo ilikuwa imefika mwaka 1947. Waambie wanafunzi wako hivi: hilo ni neno ambalo halijawahi kusemwa na mtu yeyote kabla ya kamusi kulisema. Ni mzimu. Wenye taaluma hii huyaita hivyohivyo, maneno mizimu.

Na kuna mzimu mwingine uliowekwa kwa makusudi. Kamusi moja ya Oxford kwa Kiingereza cha Marekani, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na neno "esquivalience", maana yake kukwepa majukumu ya kazi kwa kusudi. Lilitungwa ndani ya ofisi ya kamusi yenyewe. Lilikuwa mtego: kamusi nyingine ikilichapisha, basi imenakili. Siri ilitoka mwaka 2005, na kweli lilikuwa limeshaonekana kwingine. Kinachonifurahisha ni maana waliyoichagua. Sisi tunalo neno la kweli la jambo hilohilo, na nalo limetokana na mtego: kutega kazi. Mtegaji tunamjua wote, anaonekana saa nne ya chai na saa kumi ya kuondoka.

Kwa hiyo umeniuliza kama watu wanatutania. Wakati mwingine ndiyo. Ndiyo maana nakuomba usitosheke na orodha za kwenye simu. Orodha hizo zinanukuliana, na zinapenda maana tamu kuliko maana ya kweli. Tafuta kamusi kubwa inayotoa tarehe na sentensi. Kamusi ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884, ina desturi ya kuweka chini ya kila neno sentensi zilizoandikwa na watu, na mwaka wa kila moja. Ukikuta sentensi za wafanyabiashara, za wakulima, za mahakimu, ujue hilo ni neno lililoishi. Ukikuta sentensi zinazolishangaa neno lenyewe, umeshajua uko na jogoo wa maonesho.

"Mumpsimus" lina sentensi, na moja ni ya mfalme. Habari yake ni hii. Padre mmoja, enzi za misa ya Kilatini, alipofika mahali pa kusema "quod in ore sumpsimus", yaani "tulichokipokea kinywani", alikuwa akisema "mumpsimus". Neno hilo katika Kilatini halipo. Akasahihishwa. Akajibu kwamba amesema mumpsimus miaka mingi na hataacha mumpsimus wake wa zamani kwa ajili ya sumpsimus wao mpya. Msomi Erasmus alihadithia kisa hiki katika barua ya mwaka 1516, na Waingereza wakakipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1545, siku moja kabla ya Krismasi, Mfalme Henry wa Nane alisimama bungeni akalalamika kwamba baadhi ya viongozi wa dini wamekakamaa na mumpsimus wao wa zamani, na wengine wamejaa kiherehere na sumpsimus wao mpya. Basi mumpsimus ni kosa ambalo mtu amelizoea hata akionyeshwa haliachi, au ni huyo mtu mwenyewe.

Mwalimu, wewe na mimi tunaishi nao. Msahihishe mtu aliyeandika "masaa mawili", mwambie ni "saa mbili" au "muda wa saa mbili", atakujibu: kwetu tumezoea hivyo. Nami nakiri kwamba wakati mwingine wingi wa wakosaji hushinda na kosa huwa ndilo lugha. Angalia neno lenyewe: yule padre alikosea Kilatini, na kosa lake likawa Kiingereza sahihi.

Kuna ndugu yake ambaye hamkumleta, "ultracrepidarian", nami nakupa kama zawadi kwa sababu litakufaa kwenye chumba cha walimu. Apelles alikuwa mchoraji wa Ugiriki ya kale, karne ya 4 kabla ya Kristo. Inasimuliwa na Pliny wa Roma kwamba aliweka michoro yake njiani, akajificha nyuma yake asikie wapita njia wanasema nini. Fundi viatu akapita, akasema viatu vya mtu kwenye picha vimepungua kitanzi. Apelles akaona kweli, akarekebisha. Kesho yake fundi akarudi, akaona amesikilizwa, kichwa kikavimba, akaanza kukosoa na mguu. Apelles akatoka mafichoni, akamwambia fundi viatu asipande juu ya kiatu. Crepida ni kiatu cha ngozi cha wazi. Kwa pwani yetu ningesema kubadhi. Basi "ultracrepidarian" ni mtu aliyevuka makubadhi: anayetoa hukumu kwenye mambo asiyoyajua kwa kuwa siku moja alipatia kwenye anayoyajua. Mwandishi William Hazlitt alimpiga nalo mkosoaji William Gifford mwaka 1819. Refu, ndiyo, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya kupiga, na lilipiga.

"Groak" ni la Scotland. Ni kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakukaribisha, na mara nyingi anayesemwa hivyo ni mbwa au mtoto. Orodha za simu hulitoa kama ajabu kubwa, eti lugha gani nyingine ina neno la namna hiyo! Yetu inalo, na limezaa ukoo: kudoea, mdoezi, udoezi. Ila sivyo sawasawa, na tofauti hiyo ni nzuri kuijadili darasani. Mbwa wa Scotland anaketi chini ya meza na kutazama. Mdoezi wa kwetu anapiga hodi saa saba na robo, anauliza hali ya wazee, anasifu bustani, anasema "mimi nimeshiba, napita tu", na huku ameshavua viatu. Yule anatumia macho, huyu anatumia adabu. Wape wanafunzi waeleze tofauti hiyo kwa Kiingereza, sentensi tano. Utapata kazi nzuri kuliko mtihani wowote wa msamiati.

"Petrichor" nalo lina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika katika jarida la Nature kuhusu harufu inayotoka ardhini mvua inapogonga udongo mkavu. Waligundua kuwa mimea wakati wa ukame hutoa mafuta yanayonyonywa na mawe na udongo, na mvua ikija huyaachia hewani. Wakaiita petrichor: petra ni jiwe kwa Kigiriki, na ichor, katika hadithi za Wagiriki, ni kimiminika kilichokuwa kikipita kwenye mishipa ya miungu badala ya damu. Damu ya mawe! Mara nyingi wanasayansi hupachika majina makavu, hawa waliimba. Lakini walikuwa hawajawatangulia watu wa Kannauj huko India, ambao tangu zamani huoka udongo, hukamua harufu hiyohiyo na kuiingiza kwenye mafuta ya sandali, ikauzwa kama marashi. Sisi harufu tunaijua tangu utotoni, mvua ya kwanza ya vuli inapodondoka kwenye vumbi la uani, lakini jina la neno moja sijalisikia. Waulize wanafunzi wako, labda lugha za bibi zao zinalo. Likipatikana, liandike.

Nimeyamaliza sita yako, sasa niseme ninachokiamini, kwa kuwa naona orodha za namna hii zinawapotosha watoto. Zinawafanya waamini kwamba ajabu ya lugha iko kwenye urefu. Ajabu iko kwenye maneno madogo wanayoyaandika kila siku bila kuyatazama usoni.

Chukua "nice". Neno hilo lilitoka kwenye Kilatini nescius, asiyejua, likapitia Kifaransa, na lilipoingia Kiingereza miaka kama 700 iliyopita lilimaanisha mjinga. Mwanafunzi anayeandika kwenye insha "My teacher is very nice" angeliandika wakati ule, angeitwa ofisini. Likatoka kwenye ujinga likaenda kwenye uchaguzi-chaguzi, kisha kwenye umakini, na karne ya 18 likawa zuri. Wakati huo "silly" lilikuwa likitembea kinyume chake. Asili yake ni mwenye heri, aliyebarikiwa. Mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa zuzu. Maneno mawili yamepishana njiani, moja likipanda na jingine likishuka, na watoto wetu wanayatumia yote mawili asubuhi moja.

Au "nightmare". Wengi hudhani "mare" hapo ni farasi jike, kama kwenye kamusi ya wanyama. Siyo. Ni neno jingine la Kiingereza cha kale, la pepo anayemkalia mtu kifuani usiku akiwa amelala, asiweze kuinuka wala kupiga kelele. Huhitaji kumweleza mwanafunzi wa kwetu kwa maneno mengi. Mwambie tu: jinamizi. Neno kwa neno, kifua kwa kifua.

Na mahali pengine Kiingereza ndicho kilichopoteza. Karne ya 16 walikuwa na "overmorrow", siku inayofuata kesho, na "ereyesterday", siku kabla ya jana. Wakayaacha yafe, na sasa wanalazimika kusema "the day after tomorrow" na "the day before yesterday", maneno manne kila mara. Sisi tunasema keshokutwa na juzi, tunaendelea na safari. Tena tuna mtondo, siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo inayofuata mtondo. Lakini usiwacheke Waingereza sana mbele ya darasa, kwa sababu ukiwauliza wanafunzi mtondogoo ni lini, nina wasiwasi na jibu. Yetu nayo yameanza kulala.

Kuna neno moja la Kiingereza cha kale nalibeba moyoni. Ni "uhtceare". Uht ni saa ile ya mwisho ya usiku kabla hapajakucha, na ceare ni wasiwasi, huzuni. Limo katika shairi la mwanamke ambaye mumewe ameondoka kuvuka mawimbi, naye anaamka kabla ya alfajiri akiwaza yuko nchi gani. Shairi hilo limehifadhiwa katika kitabu cha mkono cha karne ya 10 kilichoko kanisa kuu la Exeter. Nikilisoma nawaona wanawake wa Lamu na Pemba, mume kaondoka na upepo wa kusi kwenda Maskati, hakuna habari mpaka kaskazi ivume. Jogoo hajawika, mke kakaa kitandani. Neno hilo Waingereza wa leo hawalijui, wala halimo katika lugha yao ya sasa. Limekufa, lakini kila aliyeamka saa kumi za usiku na jambo moyoni anajua maana yake kabla hajaambiwa.

Haya, Jumatatu. Anza na "nickname", jina la utani. Andika ubaoni: an ekename. "Eke" zamani ilimaanisha nyongeza, kwa hiyo ekename ni jina la nyongeza. Watu wakasema haraka haraka: an ekename, an ekename, mpaka ile n ya mwisho wa "an" ikahama nyumba, ikawa a nekename, na hatimaye nickname. Kisha andika "a napron", aproni ya jikoni. Hapo n ilihamia upande wa pili, ikawa an apron. Nyoka naye, "a naddre", akapoteza kichwa akawa an adder. Ni watu wa kawaida waliosikia mpaka wa neno mahali usipokuwepo.

Kisha waulize: na sisi je? Kaa kimya. Atatokea mmoja atakayekumbuka kipilefti na vipilefti, ambavyo vilikuwa kibao cha Kiingereza cha barabarani, "keep left", madereva wakakisikia kama kijiko na vijiko. Mwingine atafika kwenye digadi na madigadi, kutoka "mudguard". Ukiona wamechemka, wape kubwa: kitabu. Ni kitāb ya Kiarabu, na "ki" ile haikuwa kiambishi hata kidogo, lakini Waswahili waliisikia ki, wakasema vitabu, na hakuna aliyerudi nyuma. Waache wabishane hadi kengele.

Yule kijana wa karatasi usimkomoe. Mwite mbele, mpe chaki, aandike floccinaucinihilipilification bila kutazama, darasa likihesabu herufi kwa sauti hadi 29. Mwangalie tu kwenye flocci: hapo c ni mbili.